Wachonga Mawe wa Guédelon

Wanafunzi wanaotembezwa kwenye makasri ya Ufaransa hulishwa wafalme tangu asubuhi mpaka jioni. Amboise ni Charles VIII aliyejigonga kichwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango akafa mwaka 1498. Blois ni Duke wa Guise aliyeuawa kwa amri ya Henri III mwaka 1588. Chenonceau ni Diane de Poitiers, kipenzi cha mfalme, na Catherine de Médicis, mke wa mfalme, waliogombea jumba moja juu ya mto. Hadithi hizi ni tamu na vijana huzishika upesi. Lakini waulize ndani ya basi wakati wa kurudi: kuta zile zilisimamishwaje, na nani, na kwa zana gani? Basi zima litanyamaza.

Kazi yangu ni kufundisha Kifaransa, na kila inapopatikana nafasi huwasindikiza wanafunzi huko. Safari ya hivi karibuni niliomba ratiba ipinduliwe. Badala ya kuanzia bonde la Loire, tulianzia katika msitu wa Burgundy, mahali panapoitwa Guédelon, karibu na kijiji cha Treigny katika mkoa wa Yonne. Hapo kuna ngome ya karne ya 13 inayojengwa katika zama zetu hizi, tangu msingi, kwa nyundo na tindo, kwa shoka na kamba, kwa farasi na miguu ya watu. Nilitaka vijana waone jiwe likiwa bado halijawa ukuta.

Kazi ilianza mwaka 1997. Michel Guyot, mwenye kasri la Saint-Fargeau lililo jirani, alikuwa amewaita wataalamu wamchunguzie jengo lake, nao wakakuta kwamba nyuma ya matofali yake mekundu imejificha ngome ya mawe ya zama za kati. Uchunguzi huo ndio uliomtia wazo la kujenga ngome ya namna ile. Akashirikiana na Maryline Martin, ambaye amekuwa mhimili wa mradi, na ramani ikachorwa na Jacques Moulin, msanifu mkuu wa majengo ya kihistoria. Walijiwekea masharti: mwenye ngome awe bwana mdogo asiye na fedha nyingi, mwaka wa kuanza uwe 1228, wakati Louis IX bado ni mtoto na mama yake Blanche wa Castile ndiye anayeshika hatamu za nchi. Mtindo uwe ule ulioenezwa na mfalme Philippe Auguste: ua wenye kuta zilizonyooka, minara ya mviringo kwenye pembe, mmoja mkubwa kupita mingine, lango katikati ya minara miwili, na handaki pande zote. Kila jambo lililofanywa hapo lilipaswa kuwa na ushahidi katika ngome zilizobaki za enzi ile, katika picha za vitabu vya kale au katika yaliyofukuliwa na wanaakiolojia.

Mahali penyewe palichaguliwa kwa akili. Palikuwa machimbo ya mawe yaliyoachwa, ndani ya msitu wa mialoni, penye maji, mchanga na udongo wa mfinyanzi. Katika zama zile mkokoteni wa mawe ukisafiri mbali kidogo gharama yake ilipita thamani ya mawe yenyewe, kwa hiyo aliyejenga alijenga juu ya jiwe lake. Ngome ya Guédelon imetoka kwenye shimo lililo miguuni pake. Jiwe la hapo ni la mchanga lenye chuma ndani, rangi yake ya kutu, jingine la manjano, jingine linakaribia zambarau. Ni gumu, nalo halimpendelei mchongaji.

Tulianzia machimboni. Wachimbaji hulisoma jiwe kabla hawajaliingiza chuma. Hutafuta tabaka na mishipa, hutoboa safu ya vijishimo, hupachika kabari za chuma, kisha huzigonga moja baada ya nyingine, wakirudi mwanzo na kuanza tena, hadi mlio wa kabari unapobadilika. Hapo mtu husimama akasikiliza. Ufa unatembea ndani ya jiwe polepole, na anayeongeza pigo kwa pupa huupotosha. Hata baada ya bonge kutoka, sauti ndiyo kipimo. Linalotoa mlio wa wazi likigongwa ni gumu, litatengwa kwa ajili ya ngazi, pembe na vizingiti. Linalotoa mlio mzito uliozama ni laini au lina ufa wa siri, hilo litaenda kujaza tumbo la ukuta. Maana ukuta wa ngome haujengwi kwa mawe mazuri tupu. Ni nyuso mbili za mawe yaliyopangwa kwa unadhifu, moja nje na moja ndani, na katikati yake hujazwa kifusi na chokaa. Wanafunzi waliuona ukuta ukiwa wazi juu, umefunguka, na nadhani hakuna mchoro wa darasani ungeweza kuwaeleza vizuri kuliko hivyo.

Kutoka hapo tukaenda kwenye banda la wachonga mawe. Ratiba ilitupa muda mfupi. Tulikaa asubuhi nzima.

Mchongaji tuliyemkuta alikuwa amepokea bonge jipya. Kwanza alilizunguka. Alitafuta jinsi lilivyolala ardhini, kwa sababu jiwe la tabaka lazima lilale ukutani kwa namna ileile lilivyolala machimboni. Likisimamishwa upande, mvua na baridi hupenya kati ya tabaka na baada ya miaka uso wake humenyeka. Alipojua chini yake ni wapi, alilipandisha juu ya kigogo, akalitegemeza kwa vipande vya mbao lisitikisike, akachukua rula ya mbao na kukwaruza mstari mmoja karibu na ukingo mmoja. Mmoja tu.

"Mwalimu, mbona hachongi uso mzima?" kijana mmoja aliniuliza. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Akamuuliza kwa Kifaransa chake cha heshima, na mchongaji akamjibu kwamba uso mzima bado haupo, itabidi kwanza autengeneze.

Akashika tindo bapa na nyundo ya mbao, akaufuata mstari ule kwa mapigo mafupi yaliyo sawa, mpaka pakapatikana utepe ulionyooka, upana wa vidole viwili, kutoka pembe hadi pembe. Kisha akahamia ukingo wa upande wa pili akafanya vilevile. Baada ya hapo akalaza rula moja juu ya utepe wa kwanza na nyingine juu ya utepe wa pili, akarudi nyuma hatua, akachuchumaa, akafumba jicho moja. Rula ya mbele ikiifunika ya nyuma sawasawa, tepe zote mbili ziko katika bapa moja. Zikipishana, hata kwa unene wa kucha, jiwe limejipinda, na jiwe lililojipinda halitakaa juu ya wenzake. Aliona zimepishana. Akaondoa unga kidogo kwenye pembe moja, akarudisha rula, akachuchumaa tena. Akaondoa tena. Vijana wangu, ambao ndani ya basi hawawezi kukaa dakika tano bila simu, walichuchumaa wote nyuma yake, kila mmoja amefumba jicho moja.

Rula zilipokubali, aliziunganisha tepe mbili kwa tepe nyingine mbili kwenye kingo zilizobaki. Sasa jiwe lilikuwa na fremu bapa pande nne, na katikati limebaki tuta la jiwe ghafi. Hilo ndilo alilolishambulia kwa tindo yenye ncha, akipiga mifereji ya mshazari iliyoandamana, kisha akavunja matuta yaliyobaki kati ya mifereji. Hapa kasi ikaongezeka, vipande vikaruka, banda likajaa kelele. Mwisho akachukua shoka la mawe lenye makali mawili akausawazisha uso kwa mapigo mepesi, na kila pigo likaacha alama yake ndogo. Alama hizo haziondolewi. Ukizipapasa kwa kiganja unajua mkono ulikuwa unatoka upande gani.

Kwa jiwe la kawaida kuna nyuso nyingine za kutengeneza baada ya huo, lakini kazi ngumu imekwisha. Uso wa kwanza ndio unaozaa mingine yote: guni huwekwa juu yake na uso wa pili hupimwa kutoka kwake. Ukikosea wa kwanza, makosa yatakufuata mpaka mwisho. Ndiyo maana nusu ya asubuhi ilikwenda kwenye kingo mbili.

Jiwe la mapambo, au la tao, ni habari nyingine. Hilo huanza kwa mchoro. Mwashi mkuu huchora umbo lake sakafuni kwa bikari na rula, kwa ukubwa wake halisi, na kutokana na mchoro huo hukatwa kiolezo cha ubao mwembamba. Mchongaji hukiweka kiolezo kwenye kichwa cha jiwe, akakizungushia mstari, akafanya hivyo pia kwenye kichwa cha pili, kisha akaondoa kila kisichohitajika kati ya mistari hiyo miwili. Mtu anaweza kuchonga jiwe lake leo, mwenzake akachonga lake baada ya miezi, na yakikutanishwa juu ya mnara yakashikana, kwa sababu yote mawili yamekitii kiolezo kimoja. Sijui njia bora zaidi ya kumweleza mwanafunzi umuhimu wa vipimo.

Na vipimo vyenyewe vinatoka mwilini: kiganja, shubiri, futi, dhiraa. Chombo kilichowapendeza sana vijana ni kamba yenye mafundo 13, ambayo ina nafasi 12 zilizolingana kati yake. Watatu kati yao walipewa waishike. Mmoja alisimama kwenye fundo la mwanzo lililokutanishwa na la mwisho, wa pili akahesabu nafasi tatu, wa tatu akahesabu nne kutoka kwa wa pili, zikabaki tano kurudi kwa wa kwanza. Wakaivuta kamba ikakaza, na kwenye mikono ya yule wa pili ikapatikana pembe mraba kamili. Nadharia ya Pythagoras walikuwa wameikariri wote kwa ajili ya mtihani. Hapo waliishika mikononi.

Nimesema jiwe la Guédelon ni gumu. Ugumu huo unaonekana zaidi kwenye kiwanda cha mhunzi kuliko kwenye banda la wachonga mawe. Ncha ya tindo huliwa na jiwe la mchanga kwa haraka ya ajabu, kwa hiyo zana butu hupelekwa kwa mhunzi kila siku, naye huzirudisha motoni, akazifua upya na kuzipa ugumu kwa kuzitumbukiza majini chuma kikiwa katika rangi inayofaa. Chuma kikipozwa kikiwa na joto kupita kiasi, ncha huwa ngumu lakini huvunjika. Kikipozwa kimechelewa, hujikunja kwenye jiwe. Mhunzi huisoma rangi ile kivulini, ndiyo sababu kiwanda chake kina giza. Bila yeye wachongaji wangekaa bure kabla ya siku kwisha. Halafu kuna mfinyanzi wa vigae na tanuri lake la kuni, msuka vikapu, msuka kamba, mwenye farasi. Niliwaona wote, lakini siwezi kuwapa haki yao hapa.

Lipo jambo moja ambalo wajenzi wa Guédelon hawakulichukua kutoka karne ya 13, nao wanafanya vyema: afya. Huvaa kofia ngumu, miwani ya kinga na viatu vya usalama. Vumbi la jiwe la mchanga likiingia mapafuni halitoki, na waliojenga ngome za kweli walikohoa mpaka wakafa bila mtu kuandika majina yao. Tunapozisifu kazi zao tulikumbuke na hilo.

Jiwe likishachongwa hupandishwa. Juu ya mnara imesimamishwa winchi ya mbao yenye gurudumu kubwa ambalo mtu huingia ndani yake na kutembea. Akitembea, gurudumu huzunguka, kamba hujikunja kwenye mhimili, na mzigo wa mamia ya kilo hupaa polepole kandokando ya ukuta. Juu waashi wanangoja na miiko, timazi na chokaa.

Chokaa ndiyo inayoamua mwendo wa kazi yote. Saruji ya siku hizi hushika kwa saa chache. Chokaa huvuta hewa ya ukaa kidogo kidogo mpaka ikarudi kuwa jiwe, na ndani ya ukuta wenye unene wa zaidi ya mita mbili hilo huchukua miaka. Ukipandisha ukuta haraka, uzito wa juu hukandamiza chokaa ambayo bado ni laini chini. Ikija baridi ya kugandisha maji, chokaa mbichi hupasuka, ndiyo maana waashi wa kale waliziacha kazi majira ya baridi, wakaufunika ukuta kwa majani makavu na samadi, wakarudi jua liliporudi. Lakini ulaini huo una faida. Ukuta wa chokaa ukitikisika au msingi ukizama kidogo, hujirekebisha bila kupasuka vibaya. Mengi ya makasri tunayoyapiga picha yamesimama mpaka leo kwa sababu hiyo.

Kazi iliyonifanya ninyamaze kabisa ni kuba ya mawe. Kwanza seremala hutengeneza kalibu ya mbao, mbavu kwa mbavu, yenye umbo la matao yatakayokuja. Waashi hupanga mawe ya tao juu ya kalibu hiyo kutoka pande zote kwa pamoja, ili uzito usiegemee upande mmoja, mpaka yakutane kileleni, ambapo jiwe moja la mwisho hutiwa na kuyafunga yote. Baadaye nafasi kati ya mbavu hufunikwa kwa mawe membamba. Kisha hungojwa. Siku ya kuondoa kalibu, kabari zilizo chini ya miguu yake hulegezwa kidogo kidogo, na kuba hushuka kwa kiasi kidogo sana hadi kila jiwe limkabe jirani yake. Kuanzia hapo kinachoyazuia mawe yasianguke ni ule uzito wake wenyewe. Niliwaweka vijana chini ya kuba moja iliyomalizika na kuwaambia watafute kinachoishikilia. Walitafuta chuma, walitafuta nguzo, kisha mmoja akasema taratibu, "Yameshikana yenyewe."

Wapo wanaosema yote haya ni maonyesho ya watalii. Ni kweli kwamba Guédelon huishi kwa viingilio vya wageni, karibu laki tatu kwa mwaka, wakiwemo wanafunzi wengi. Lakini ujuzi unaopatikana pale ni wa kweli, na ulithibitika. Tarehe 15 Aprili 2019 paa la Notre-Dame ya Paris liliteketea kwa moto, na pamoja nalo msitu mzima wa boriti za mwaloni zilizochongwa kwa shoka katika zama za kati. Ilipoamuliwa boriti hizo zirudishwe kwa njia ileile, walihitajika maseremala wanaojua kuuchonga mwaloni mbichi kwa shoka wakiufuata mkunjo wa mti. Baadhi ya walioifanya kazi hiyo walikuwa wamejifunza na kufanya kazi Guédelon. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024. Mtu aliyechuchumaa msituni kwa miaka akipima boriti za ngome ya bwana wa kubuni ndiye aliyekuwa tayari nchi ilipomhitaji.

Ndipo tukashuka Loire.

Jiwe la Loire ni tofauti kabisa. Ni jiwe la chokaa, laini, jeupe, linaloitwa tuffeau, lililojengeka chini ya bahari karibu miaka milioni 90 iliyopita, na karibu nusu ya ujazo wake ni matundu madogo yasiyoonekana. Likitoka ardhini limejaa maji unaweza kulikwaruza kwa ukucha na kulikata kwa msumeno wa meno. Likikaa hewani maji hutoka, na chokaa iliyobebwa na maji hayo hubaki usoni na kuwa gamba gumu. Aliyeona mihirabu ya matumbawe katika msikiti wa Kizimkazi, ambao maandishi yake ni ya mwaka 1107, ataielewa akili hii mara moja, kwa kuwa na mafundi wa pwani yetu waliyachonga matumbawe yangali mabichi, kisha wakayaacha hewa iyakaze. Machimbo ya tuffeau yamebaki mapango marefu kandokando ya mito. Mengine yamekuwa maghala ya mvinyo, mengine mashamba ya uyoga, mengine nyumba za watu.

Kasri la Chambord limejengwa kwa jiwe hilo. Mfalme François I alilianzisha mwaka 1519, kwa ajili ya uwindaji, katikati ya msitu ambao sasa umezungukwa na ukuta wa kilomita 32. Katika utawala wake wa miaka 32 alilala humo wiki chache tu. Ngazi yake kuu ina mizunguko miwili iliyosokotana juu ya kiini kilicho wazi, hivyo anayepanda na anayeshuka huonana kupitia madirisha ya katikati bila kukutana. Waongozaji humtaja Leonardo da Vinci, na huenda wazo lilikuwa lake, ingawa hakuna hati inayothibitisha. Leonardo alifariki Amboise tarehe 2 Mei 1519, kabla ujenzi haujaanza. Hakuliona hata jiwe moja likitiwa. Walioyatia walikuwa waashi, na wakuu wao wanajulikana kwenye hati: Jacques Sourdeau, Pierre Nepveu aliyeitwa Trinqueau, Jacques Coqueau. Haya ndiyo majina niliyowataka wanafunzi wayaandike.

Safari hii hawakuhitaji kuambiwa waangalie wapi. Walipoingia kwenye ngazi, waliinamisha vichwa na kutazama upande wa chini wa mizunguko, pale ambapo jiwe linajipinda huku linapanda, na wakaanza kujiuliza kiolezo chake kilikuwaje, maana kiolezo kimoja hakitoshi kwa jiwe ambalo kila uso wake unageuka. Waliona kwamba unganiko la jiwe na jiwe ni jembamba kiasi kwamba wembe usingepita. Katika kumbi za ghorofa ya pili walitazama dari za mawe zilizogawanywa kwa masanduku ya mraba, ndani yake salamanda, nembo ya mfalme, na herufi F yenye taji zikipokezana, na mmoja akagundua mwenyewe kwamba salamanda hawafanani: huyu mkia wake umejikunja mara moja zaidi, yule ana shingo nene. Mikono tofauti. Juu ya paa, kwenye dohani na mnara wa taa, waliona vipande vya sleti nyeusi vilivyokatwa miduara na almasi na kupachikwa ndani ya jiwe jeupe. Mafundi hawakuwa na marumaru za rangi walizosikia ziko Italia, wakatumia sleti ya kuezekea mapaa. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote Chambord, kizuri kuliko hata ngazi.

Ulaini wa tuffeau umeleta pia majonzi. Kuta za ngazi zimejaa majina ya wageni wa karne zote, yaliyochimbwa kwa visu na funguo. Kijana wangu mmoja alisimama mbele ya jina la mtu wa karne ya 19 kwa muda mrefu. Aliponigeukia hakusema habari za jina. Alisema huyu aliharibu uso wa mtu. Nilifurahi kuliko ningefurahia alama yoyote ya mtihani.

Mvua nayo hulila jiwe hili, na moshi wa miji pia, kwa hiyo makasri ya Loire hayajawahi kumalizika. Jiwe lililooza hukatwa na kutolewa, jipya huchongwa kwa umbo lilelile na kupachikwa. Baadhi ya wanaofanya hivyo wamepitia utaratibu wa kale wa mafundi wa Ufaransa ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2010. Kijana anayejifunza uchongaji husafiri kutoka mji hadi mji kwa miaka, akifanya kazi mchana kwa fundi mmoja na kusoma jioni, kisha akahamia kwa mwingine, kwa sababu kila eneo lina jiwe lake na kila jiwe lina tabia yake. Hao nao ni wanafunzi walio safarini kwenye makasri. Tofauti ni kwamba wao hawaondoki mpaka wameacha jiwe ukutani.

Chenonceau tuliipita haraka, nami sijutii. Ukumbi wake wa mita 60 uliojengwa juu ya daraja kuvuka mto Cher ni wa kustaajabisha, na ulipokuwa hospitali katika Vita Kuu ya Kwanza ulihudumia majeruhi zaidi ya elfu mbili. Lakini siku ile watu walijaa, na katika msongamano jiwe halionekani.

Kwa hiyo nina ombi kwa mwalimu mwenzangu anayepanga kuwapeleka vijana Ufaransa. Makasri matatu kwa siku moja ni mengi mno, futa mawili. Weka Guédelon mwanzoni, uipe siku nzima, na ukumbuke kwamba majira ya baridi hufungwa. Mkifika msikimbilie mnarani. Ulizeni wachonga mawe wako wapi, mtafuteni aliyepokea bonge jipya asubuhi hiyo, mkae naye mpaka alipindue jiwe lake na kuanza uso wa pili.